Nilisema Ni Moshi

Mwaka ule wa Kombe la Dunia, baada ya mvua za El Nino kututobolea barabara na kwenda zake, nilikuwa fundi wa redio na televisheni Kariobangi, Nairobi. Kibanda changu cha mabati kilikuwa kimeegemea jengo la ghorofa moja, na mezani pangu hapakukosa televisheni mbili tatu zilizopasuliwa matumbo zikingoja vipuri. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeoa mwaka uliotangulia. Nilizaliwa Ziwani, mtaa mwingine wa jiji, katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, na kazi nilifundishwa na mzee mmoja jirani yetu pale, ambaye alikuwa ametumikia mitambo ya redio mpaka akastaafu. Alinifundisha kushika kichomeo na kusoma rangi za waya. Alinifundisha pia jambo ambalo nimewahi kutamani kama asingenifundisha, maana hapo ningekuwa na kisingizio.

Siku moja tulikuwa tumekaa kizingitini kwake, majirani wakiwasha majiko ya jioni, moshi umetanda juu ya mapaa. Nilimuuliza kama moshi kama ule unaweza kuzuia mawimbi ya televisheni yanayotoka kwenye setilaiti. Akacheka kidogo. Akaniambia kwamba mawimbi yale yanatoka mbali sana, na yakifika hapa ni manyonge kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Busia. Lakini moshi hauyasumbui. Yanapita ndani yake kana kwamba hakuna kitu. Wingu nalo yanalipita. Adui yao ni maji. Tone la mvua linayameza na kuyatawanya, na mvua ikiwa kubwa sana picha inajaa chenga, zile nukta nyeupe zinazorukaruka, mpaka ipungue. "Na maji yakiingia pale yanapopokelewa," alisema, "basi usitafute mchawi mwingine."

Mwenye jengo nililoegemea alikuwa karani mstaafu wa reli, mtu aliyefanya kazi na baba yangu. Ghorofani alikuwa na ukumbi wa mabenchi ambako watu walikuja kutazama kanda za video. Stesheni ya taifa ilishika kwa taabu pale kwetu. Wachezaji walionekana wawili wawili, kila mmoja na kivuli chake pembeni. Kombe la Dunia lilipokaribia, mzee aliniita akanieleza kwamba anataka dishi, na anataka lifungwe na mtoto wa rafiki yake, si na watu wa mjini asiowajua. Nilijisikia nimekuwa mtu.

Sahani ya wavu ilichomelewa na mafundi wa jua kali, ikawa pana kiasi cha watu wanne kuibeba kwa shida kupanda ngazi. Kichwa, yaani kile kidude kinachokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi yaliyokusanywa na wavu, kilinunuliwa Eastleigh pamoja na mashine yake. Siku ya kukifunga nilikuwa peke yangu paani. Kifuniko cha plastiki kinachoziba mdomo wa kichwa kiliniteleza mkononi kikaanguka kwenye saruji. Nilipokiokota niliona ufa mwembamba, urefu wa kidole. Chini yangu nilisikia mzee akiwaelekeza watu namna ya kupanga mabenchi, akisema mechi ya kwanza ni keshokutwa. Nikaukata utepe wa umeme, nikauzungusha kwenye ufa mara tatu, nikakibana kifuniko mahali pake. Nilijiambia kwamba nitatafuta kingine Kombe likiisha.

Jioni ya mechi ya kwanza picha ilitoka safi hata majani ya uwanja yalihesabika. Mtangazaji alizungumza Kifaransa, kwa hiyo tulizima sauti yake tukaweka redio kando ya televisheni, tukapata Kiswahili. Mzee alikaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti, kama baba wa bwana harusi. Mechi ilipoisha alinishika bega mbele ya watu wote akasema kwamba baba yangu angeona fahari.

Nyuma ya jengo, uchochoroni, alikuwako mama mmoja aliyekaanga samaki. Alitoka upande wa ziwa, mume wake alikuwa amefariki akifanya kazi ya kiwanda, na alikuwa akiwalea mabinti wawili, mkubwa akiwa darasa la nane. Siku nyingi aliuza mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta yanayobaki minofu ikishakatwa viwandani. Ukiyakaanga vizuri yana kichwa cha kufyonza na nyama ya kubanduabandua ubavuni. Moto wake ulikuwa wa mabaki ya mbao kutoka kwa maseremala, mengine yana rangi na vanishi, kwa hiyo moshi wake ulikuwa mzito na mweusi. Aliuwasha saa kumi, ili wafanyakazi wanaorudi kwa miguu kutoka Industrial Area wamkute na samaki wa moto.

Nilipofungua kibanda, kabla sijapata wateja, yule mama alikuwa akimtuma binti yake aniletee sahani ya ugali na kipande cha samaki, bila maneno. Wiki tatu nilikula kwake hivyo. Nilipoanza kupata kazi nikamshukuru, alijibu kwamba mtu hawezi kukaanga samaki huku jirani yake anameza mate.

Kisha baridi ya Juni ikaingia sawasawa. Anayeijua Nairobi anajua miezi ile: asubuhi manyunyu, mchana jua linachungulia saa moja au mbili, jioni baridi inashuka na ukungu. Katika juma la pili la mechi, picha ikaanza kuingia chenga jioni. Zilianza kama vumbi, baadaye zikawa kama mtu anatupa konzi za chumvi kwenye kioo. Zilianza kila siku baada ya saa kumi na moja, saa ile ile ambapo moshi wa mama ulikuwa ukipanda mbele ya dirisha la ukumbi na kulipita dishi paani.

Kila mwenye macho aliona. Wa kwanza kulisema alikuwa mfua sufuria mmoja, kijana wa rika langu, mrefu, mwenye sauti. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha vyuma chakavu kutwa nzima, na moto wake ulikuwa na moshi mara kumi ya ule wa samaki. Alisimama katikati ya mechi akanyoosha mkono dirishani. "Hii moshi ya samaki ndio inakula picha," alisema. "Angalieni. Ikipanda, chenga. Ikipungua, picha." Watu wakageuka kutazama dirishani, kisha wakatazama televisheni, kisha dirishani tena, na tangu saa hiyo hakuna aliyekuwa na shaka.

Mimi nilikuwa na shaka. Kwa kweli ilikuwa zaidi ya shaka. Ule ufa nilikuwa nikilala nao kitandani tangu chenga ya kwanza. Manyunyu yalikuwa yakipenya chini ya utepe. Jua la mchana lilipasha kichwa moto. Jioni ikija na baridi, mvuke uliokuwa ndani ukageuka matone. Ndiyo maana asubuhi na mchana picha ilikuwa nzuri. Sikuwa nimepanda kuhakikisha. Niliogopa kupanda nikahakikisha.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuja kibandani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kwa daktari.

"Kijana wangu," aliniambia, "wewe ndiye mwenye elimu ya vitu hivi. Watu wanasema ni moshi wa yule mama. Ni kweli?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Nilifikiria ule utepe, na bega langu lilivyoshikwa mbele ya watu. Nikasema, "Ni moshi, Mzee."

Kama ningeishia hapo labda ningesema niliteleza. Lakini niliongeza. Nilimweleza kwamba moshi wa mafuta una chembe nzito kuliko moshi wa kawaida, na kwamba chembe hizo zinasimama mbele ya mawimbi kama pazia. Hakuna aliyeniomba maelezo hayo. Niliyatunga pale pale, na yalitoka mazuri, na mzee aliyasikiliza akitikisa kichwa kama mwanafunzi.

Alienda kwa mama akazungumza naye kwa heshima. Mama alisogeza mafiga yake hatua kama kumi na tano kuelekea barabarani. Siku hiyo ilikuwa kavu, jua limewaka tangu asubuhi, na jioni picha ikawa safi. Ukumbini watu walipiga makofi. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, karibu niamini.

Siku tatu baadaye manyunyu yakarudi na chenga zikarudi. Sasa walisema ni upepo unaouleta moshi. Mzee akamwomba mama asiwashe moto mpaka mechi ya jioni iishe. Alijaribu. Lakini mechi ilipoisha wafanyakazi walikuwa wameshapita, na samaki wa mgongo wazi hakai siku mbili. Binti yake alionekana akitupa karai la samaki waliooza kwenye jaa, mkono puani.

Ndipo mama alipokuja kwangu. Alikaa kwenye kreti langu la soda, akaniambia kwamba anajua mzee ananisikia. Hakuwa akiomba mengi. Aliomba tu nimwambie mzee kwamba angeweza kutafuta kuni kavu zisizo na rangi, zenye moshi kidogo, kama hilo lingesaidia. Aliniuliza kama lingesaidia. Nilimwambia kwamba huenda likasaidia, na kwamba nitazungumza na mzee. Sikuzungumza naye. Jioni ile nilipanda paani kwa siri na kuongeza utepe juu ya ule wa zamani, mwingi, mpaka kifuniko kikawa cheusi chote. Kumbe niliyafungia maji ndani.

Mama alisubiri jibu langu siku mbili tatu. Hakulipata, akarudi kuwasha moto wake saa kumi kama kawaida, maana ilikuwa lazima watoto wale.

Ilikuwa siku ya robo fainali. Manyunyu hayakukatika tangu alfajiri, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Kipindi cha kwanza tulitazama kwa chenga, watu wakinung'unika. Kipindi cha pili picha ikatoweka kabisa, ikabaki weupe unaochemka na mlio kama wa mvua juu ya mabati. Redio iliendelea kutangaza mpira ambao hatukuuona. Mzee alinitazama, nami nikapanda paani, si kwa sababu nilijua la kufanya bali ili nitoke machoni pa watu.

Nikiwa kule juu, mkono wangu umeshika mkono wa dishi, niliwaona wakitokea uchochoroni. Walikuwa sita au saba, mfua sufuria mbele. Mama alisimama na kijiko chake cha kukaangia. Sikusikia walichosema, niliona tu akinyoosha mkono kuelekea barabarani, kama anayewaeleza kwamba ameshasogea, asogee mpaka wapi. Mmoja wao alichukua ndoo ya maji ya kuoshea sahani akaimwaga kwenye moto. Moshi uliopanda hapo ulikuwa mkubwa kuliko wowote niliowahi kuuona pale, mweupe, na ndani yake nilimwona mfua sufuria akilipiga teke figa.

Nadhani alikusudia kuubomoa moto tu. Lakini karai lilikuwa limekaa juu ya figa lile, nalo lilipinduka upande wa mama, si upande wa ukuta. Mafuta yalimwagika juu ya mguu wake wa kushoto. Alikuwa amevaa malapa.

Sitaki kuieleza sauti aliyoitoa. Nilishuka ngazi nikiruka. Nilipofika, wale wanaume walikuwa wamesimama tu, mmoja bado na ndoo mkononi. Binti mkubwa alikuwa amepiga magoti akimshika mama yake kifundo, akirudia neno moja la kwao. Mfua sufuria alikuwa ameweka mikono kichwani. Kisha, bila kuambiwa na mtu, aliinama, akamchukua mama mgongoni, akaanza kukimbia kuelekea zahanati. Mimi na binti tukamfuata. Njia nzima alikuwa akisema, "Sikutaka hivyo, mama. Sikutaka hivyo." Alimshusha kwenye benchi la zahanati, akarudi nyuma hatua chache, akaondoka.

Foleni ilikuwa ndefu. Tulikuwa tumemfunga mguu kwa leso iliyoloweshwa maji. Mama hakulia tena. Alikuwa amekaza meno, jasho linamtiririka kwenye baridi ile. Binti alikwenda mbele kumsihi muuguzi. Tukabaki wawili. Mama akanigeukia.

"Fundi," alisema, "niambie kweli. Ni moshi wangu?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema pale. Hapakuwa na mtu mwingine wa kunisikia, na mtu aliyeniuliza alikuwa amenilisha. Nikamjibu, "Ndivyo wanavyosema, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu, akaurudisha uso wake mbele. Muuguzi akamwita.

Jioni iliyofuata watu walikuja ukumbini wachache, na hawakuzungumza kama siku zote. Uchochoro ulikuwa mtupu. Mafiga yalikuwa yamelala kwenye tope, na mafuta yaliyoganda yalikuwa yameweka weupe juu ya majivu. Hapakuwa na moshi wowote. Saa kumi na moja ikapita, baridi ikashuka, na chenga zikaja kama kawaida yake. Zilianza kama vumbi, zikaongezeka.

Baada ya muda mrefu mtu mmoja alisema kwamba labda ni moshi wa jalala la Dandora. Mfua sufuria, aliyekuwa ameegemea ukuta wa nyuma, alitazama kioo, akatazama dirisha, kisha akatoka. Mzee hakugeuka kumtazama yeye, alinitazama mimi.

Alfajiri nilipanda na kisu. Nilichana utepe, nikakifungua kichwa, nikakiinamisha. Yalitoka maji ya kutu, kiasi cha kujaza kisosi cha chai, yakanimwagikia kwenye kiatu. Nilikaa pale paani mpaka jua likatoka. Kisha nikaenda Eastleigh kwa fundi mwenzangu, nikamwomba kifuniko kutoka kwenye kichwa chake kibovu, akanipa huku akiendelea na kazi yake, bila hata kuniuliza cha nini. Kilikuwa kitu chepesi kiasi hicho. Nilikausha, nikafunga, nikaziba kwa gundi. Jioni manyunyu yalishuka na picha haikutikisika.

Nilimweleza mzee siku hiyo hiyo. Nilimweleza yote, tangu kifuniko kilipoanguka. Alikaa kwenye benchi la mbele la ukumbi mtupu. Nilitarajia anitukane, na nadhani ningepata nafuu. Badala yake aliuliza nimemwambia nani mwingine. Nikamwambia hakuna ila mke wangu.

"Basi iwe hivyo," alisema. "Wale vijana wakijua, watakuja kwako. Na wakitoka kwako watakuja kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemsogeza yule mama. Mimi ni mtu mzima, fundi. Nataka kumaliza siku zangu kwa amani."

Hakuwa mtu mbaya. Alimpelekea mama unga na mafuta ya kupikia, na alimlipia dawa. Lakini niliona namna alivyoanza kupita mbali na uchochoro, akizunguka kwa barabara kubwa kuja kwenye jengo lake mwenyewe. Fainali ilionyeshwa kwa picha safi kabisa. Sikupanda kuitazama.

Mama hakurudi kukaanga. Zahanati ilimwambia asisimame karibu na moto kwa miezi, na mwenye chumba hakungoja miezi. Alihamia kwa kaka yake. Niliposikia kaka huyo anakaa Ziwani nilihisi kama nimeitwa na watu wa kwetu. Nilikwenda Jumapili baada ya kanisa. Nilimkuta ameketi nje kwenye mkeka, mguu umenyooshwa juu ya mto, akichambua dagaa ambao binti mdogo alikuwa akiwauza kwa makopo sokoni. Tuliamkiana. Aliniulizia mke wangu. Kisha nikamwambia.

Alinisikiliza bila kuacha kuchambua. Aliwatenga dagaa wazima huku, mchanga na vipande huku. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile pale zahanati, nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Vidole vyake vikasimama. Alinitazama muda, nami nilijilazimisha nisiangalie chini.

"Kwa nini unakuja kuniambia mimi?" alisema. "Mimi sikusema ni moshi. Mimi nilijua samaki wangu hawana ugomvi na televisheni ya mtu. Nenda ukawaambie waliosema."

Nilitoa kifurushi cha sukari na majani nilichokuja nacho, akamwita binti akipokee, kwa maana hakuwa mtu wa kumrudishia mgeni zawadi yake. Lakini hakuniambia karibu tena.

Wiki tatu zilipita kabla sijafanya alichoniambia. Sikuwa na shughuli iliyonizuia, ila woga. Kila Jumamosi mke wangu aliniuliza kama nitapitia ukumbini, nami nilipata sababu: kuna redio ya mtu, kuna mvua, mzee hayupo. Hakunigombeza. Alikuwa akiweka chakula mezani na kukaa upande wa pili akinitazama nikila.

Jumamosi moja ya Agosti nilipanda ngazi. Kombe lilikuwa limekwisha, na watu walikuwa wakitazama kanda ya video ya ngumi na mateke, labda thelathini hivi. Nusu yao hawakuwako siku ile. Nilikwenda mbele nikaizima televisheni. Walianza kulalamika. Nikasema kwa sauti kwamba mimi ndiye fundi niliyefunga dishi, kwamba nilivunja kifuniko nikakifunga kwa utepe, kwamba maji yaliingia ndani kwa sababu yangu, na kwamba moshi wa samaki hauzuii mawimbi wala haujawahi. Nikasema kwamba nilijua hivyo tangu mwanzo.

Kijana mmoja wa nyuma alicheka, akidhani ni mzaha. Mwingine aliniita fundi bandia. Mama mmoja aliyeuza chai mlangoni, ambaye sikudhani ananisikia, aliuliza pole pole, "Na wewe ulimwangalia tu akisogezwa?" Nikamwambia ndiyo. Watu wawili waliokuwa kwenye kundi la uchochoroni walikuwa wamekaa benchi la tatu. Mmoja aliinamisha kichwa, mwingine akanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena, akatema mate sakafuni. Kisha mtu akaiwasha televisheni, na ngumi zikaendelea.

Mzee alikuwa amesimama ngazini. Aliniambia kwa upole kwamba ingefaa nitafute ukuta mwingine wa kuegemeza kibanda changu kufikia mwisho wa mwezi. Nilihamia Eastleigh. Ukumbi wenyewe haukuendelea sana baada ya hapo. Nasikia watu walipungua, wengine kwa sababu ya kununua televisheni zao, wengine kwa sababu nyingine.

Nilipofika chini barabarani siku ile, nilimkuta mfua sufuria. Hakuwa amepanda, tangu ile jioni ya chenga zisizo na moshi hakuwa amekanyaga ukumbini. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na alikuwa amesikia yote. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Alisimama mbele yangu, mikono yake myeusi kwa masizi mpaka viwikoni, akaniuliza, "Anakaa wapi?"

Nikamwambia ni Ziwani.

"Nipeleke."

Tulikwenda kwa miguu kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kupanda gari. Ni mwendo mrefu. Karibu na Eastleigh aliniambia kwamba siku zote tangu ile siku amekuwa akijiambia kwamba angalau alikuwa na sababu, kwamba moshi ulikuwa moshi kweli, na kwamba hata zile chenga za kesho yake alijieleza kwamba ni bahati mbaya tu. "Sasa umenichukulia hata hiyo," alisema. Hakuisema kwa hasira.

Tulipofika kwenye nyumba za kanjo nilimwonyesha mlango. Mama alikuwa nje, kwenye mkeka ule ule. Aliniona mimi kwanza, kisha akamwona aliyekuwa nyuma yangu, na mkono wake ukashuka ukaufunika mguu kwa leso. Nilisimama pale pale barabarani. Mfua sufuria alisogea peke yake, akasimama mbali kidogo na mkeka, akasema kitu. Binti mkubwa alitokea mlangoni na kitabu mkononi, akasimama nyuma ya mama yake bila kuketi. Baada ya kitambo nilimwona yule kijana akichuchumaa.

Walizungumza mpaka jua likawa juu ya mapaa tu. Mara moja sauti ya mama ilipanda, ikashuka tena. Majirani ambao wengine walinijua tangu utotoni walipita wakanisalimu, wakiniuliza mbona nimesimama njiani kama mgeni, nikawaambia namngoja mwenzangu.

Mfua sufuria aliporudi barabarani macho yake yalikuwa mekundu. Hakunisimulia alichoambiwa, nami sikumuuliza. Tulirudi njia ile ile tuliyojia, yeye mbele, mimi nyuma hatua mbili tatu, huku majiko ya jioni yakiwashwa kila upande.